Tulimkataza Unyapara, Hatukumfundisha Usimamizi

(Maelezo yaliyotolewa mbele ya wakuu wa idara, waalimu wa vyuo vya ufundi na wasimamizi wa zamu)

Ndugu Mwenyekiti, ndugu wakuu wa idara, ndugu waalimu, na ninyi ndugu wasimamizi mlioketi kule nyuma ingawa viti vya mbele bado vipo:

Nimeombwa nizungumze juu ya mafunzo na uangalizi wa viongozi wa ngazi ya chini katika makampuni na mashirika makubwa. Mimi si meneja, wala sijapata kuongoza karakana. Kazi yangu ni uandishi wa habari, na kwa miaka kadhaa nimepewa jukumu la kufuatilia habari za wafanyakazi. Kwa hiyo nimepata kukaa ofisini kwa meneja nikipewa chai na takwimu, na nimepata kusimama getini jioni nikiwasikiliza watu wanaotoka zamu. Mara nyingi habari hizo mbili hazifanani, na mtu aliye katikati ya habari hizo mbili ni msimamizi wa zamu.

Naomba nianze na kosa langu mwenyewe.

Miaka michache iliyopita, katika kiwanda kimoja ambacho sitakitaja, kijana mmoja kibarua alikatwa vidole viwili na mtambo wakati wa zamu ya usiku. Siku ya tatu nililetewa taarifa ya ukurasa mmoja. Ilieleza kwamba chanzo cha ajali ni uzembe wa mfanyakazi, ambaye aliingiza mkono mahali pasiporuhusiwa. Nikaandika hivyo hivyo, aya nne, na habari ikachapishwa. Kijana mwenyewe sikumwuliza. Alikuwa wodini, nami nilikuwa na haraka.

Wiki mbili baadaye msimamizi wa zamu ile akanitafuta. Nilidhani amekuja kujitetea, kumbe amekuja kunionyesha barua yake ya uteuzi. Ilikuwa na aya mbili. Ya kwanza ilimpongeza kwa uhodari wake wa miaka kumi na mmoja katika ufundi wa mitambo. Ya pili ilimjulisha kwamba kuanzia Jumatatu atakuwa msimamizi wa zamu mwenye watu thelathini na wawili chini yake, tena ilitaja posho ya madaraka. Basi, hapakuwa na neno jingine. Jumatatu hiyo hiyo alishika zamu. Usiku wa ajali mwendesha mtambo mmoja hakufika kazini. Msimamizi akamchukua kijana aliyekuwa akibeba maboksi, akamwonyesha mtambo kwa muda usiozidi dakika tano, akamwambia afanye kama alivyoona, kisha akakimbilia mtambo mwingine uliokuwa umekwama, maana moyo wake ulikuwa bado ni moyo wa fundi. Akaniuliza: "Wewe umesoma chuo kikuu. Kuna mahali panapofundishwa namna ya kumfundisha mtu kazi? Maana mimi nilijifunza kwa kuibia kwa macho."

Sikuwa na jibu siku ile. Nilichofahamu ni kwamba neno "uzembe" nililolichapisha lilikuwa la kweli, ila nilikuwa nimelibandika kwa mtu asiyestahili. Uzembe ulikuwa wa wale walioiandika ile barua ya aya mbili.

Ndugu Mwenyekiti, tatizo hili lina historia, na si historia ndogo. Msimamizi wa kwanza ambaye babu zetu walimfahamu katika kazi ya mshahara ni nyapara. Katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, nyapara ndiye aliyempimia mtu kazi ya siku, na neno lake ndilo lililotegemewa kama siku hiyo ihesabiwe kwenye kipande au isihesabiwe. Kipande kilikuwa na siku 30 za kazi, na mshahara ulipatikana kilipojaa. Nyapara mwenye hasira aliweza kuifuta siku nzima ya jasho la mtu. Huyu hakuchaguliwa kwa sababu anajua kufundisha. Alichaguliwa kwa sauti na kifua, na mwenye shamba hakuhitaji zaidi ya hayo, kwa kuwa kibarua aliyechoka aliondoka na mwingine akaletwa kutoka mbali.

Uhuru ulipopatikana, unyapara ulishambuliwa kwa haki kabisa. Sheria ya mwaka 1964 iliwapa wafanyakazi kinga dhidi ya kufukuzwa ovyo na ikaunda kamati za wafanyakazi mahali pa kazi. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 viwanda, mabenki na makampuni makubwa yakawa mali ya umma. Waraka wa Rais Namba 1 wa mwaka 1970 ukaanzisha mabaraza ya wafanyakazi. Kisha, Februari 1971, ukatoka Mwongozo wa TANU, ambao katika ibara yake ya 15 uliwapiga marufuku viongozi kuwa na majivuno na kuwadharau au kuwaonea watu. Wafanyakazi waliisoma ibara hiyo kwa makini kuliko walivyotarajia wakubwa wao. Katika migogoro iliyofuata, kati ya mwaka 1971 na 1973, malalamiko mengi hayakuhusu mshahara. Yalihusu lugha ya matusi, kuonewa na kutosikilizwa. Mwaka 1973, hapa Dar es Salaam, wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel walifikia hatua ya kumtoa mwenye kiwanda na kukiendesha wao wenyewe.

Wako waliosema wakati ule, na wako wanaosema hata leo, kwamba Mwongozo uliharibu nidhamu ya kazi. Mimi sikubaliani nao. Lakini kuna jambo moja ambalo sisi wa Chama tunapaswa kulikiri. Mwongozo ulimwambia msimamizi asiwe mtu wa namna gani. Namna ya kuwa, hakuna aliyeketi naye akamwonyesha. Tulimkataza unyapara, hatukumfundisha usimamizi. Mtu aliyezoea kuongoza kwa kufoka, ukimnyang'anya kufoka bila kumpa kitu kingine, anabaki na njia mbili: ama ananyamaza na kuacha mambo yaende yenyewe, ama anarudia kufoka pale anapojua hakuna anayemsikia. Njia zote mbili mmeziona katika maofisi yenu.

Si kwamba hatukuwa na vyuo. Chuo cha Kivukoni kilianza mwaka 1961, na Chuo cha Uongozi wa Maendeleo kule Mzumbe kikaanzishwa mwaka 1972. Vyuo hivyo vilifanya kazi kubwa ya kuwatayarisha makada, maofisa utawala na mameneja. Foremani hakuwa mwanafunzi wao. Yeye alionekana ni mtu wa mikono, na mafunzo ya mtu wa mikono yalidhaniwa kuwa ni ufundi peke yake.

Mahali palipofanyika vizuri zaidi, kwa maoni yangu, ni kwenye njia ya reli. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kuanzia mwaka 1970 na kukabidhiwa Julai 1976. Wasimamizi wa Kichina na vijana wetu hawakuwa na lugha ya kuelewana. Kwa hiyo ilibidi kazi ifundishwe kwa kuonyeshwa: Mchina anashika chombo, anafanya polepole, anampa kijana, anamwangalia, anamrekebisha. Wazee waliojenga reli ile wanasimulia hadi leo jinsi msimamizi alivyoingia mwenyewe matopeni. Walijifunza kujenga. Hata hivyo kuendesha shirika la reli ni kazi ya aina nyingine. Kuona kunatosha kwa mtu atakayepiga nyundo, lakini hakumtoshi mtu atakayeamua nani apige nyundo, lini, na afanywe nini asipokuja.

Sasa nijaribu kulijibu swali la yule msimamizi, maana jibu lipo, na ni la zamani.

Mwaka 1940 Marekani ilikuwa ikipanua viwanda vyake vya silaha kwa haraka. Mafundi wengi walikuwa wakienda jeshini, na waliochukua nafasi zao walikuwa watu ambao hawakupata kuona mtambo, wakiwamo wanawake wengi kutoka majumbani. Serikali ikaanzisha mpango wa mafunzo ndani ya viwanda, ukiwalenga wasimamizi. Hadi mpango ule ulipofungwa mwaka 1945, watu zaidi ya milioni 1.5 walikuwa wamepitia. Kila somo lilikuwa la saa 10 tu, yaani vikao vitano vya saa mbili mbili, kwa kikundi kidogo cha watu kama kumi. Somo la kwanza lilikuwa namna ya kumfundisha mtu kazi. La pili, namna ya kukaa na watu na kutatua matatizo yao kabla hayajawa makubwa. La tatu, namna ya kuitazama kazi yenyewe na kuirahisisha.

Naomba niwaeleze jinsi somo la kwanza lilivyoanza, kwa kuwa waalimu mliomo humu mtalifurahia. Mwalimu aliingia na kipande cha waya wa umeme. Akamwita mmoja wa wasimamizi mbele, akamweleza kwa maneno matupu namna ya kufunga fundo fulani ambalo mafundi umeme hulitumia ndani ya kishikio cha taa. Maelezo yalikuwa sahihi kabisa, neno kwa neno. Msimamizi akashindwa kulifunga. Mwalimu akamwita mwingine, safari hii hakusema kitu, akamwonyesha tu kwa mikono. Naye akashindwa, maana aliketi upande wa pili na kila alichokiona kilikuwa kimegeuka. Hapo ndipo mwalimu alipofundisha njia yenyewe. Kwanza mtulize mtu na uliza anajua nini tayari. Kisha mwonyeshe na kumweleza hatua moja moja, ukitaja mahali penye hatari au penye siri ya kazi. Kisha mwache afanye yeye, huku akikueleza kwa nini anafanya hivyo. Mwishoni mwache peke yake, lakini mwambie atamwuliza nani, na urudi kumtazama mara kwa mara. Kanuni waliyoishika ni kwamba mwanafunzi asipoelewa, aliyeshindwa ni mwalimu.

Pimeni dakika tano za yule kijana wa maboksi kwa kipimo hicho. Alionyeshwa. Hakuelezwa, hakuachwa ajaribu mbele ya macho ya mtu, na hakuna aliyerudi.

Mafunzo haya yalipelekwa Japani baada ya vita, na viwanda vya huko, Toyota kimojawapo, vikayashika mpaka yakawa kama yamezaliwa kwao, wakati kule yalikotoka yakawa yamesahaulika kwa miaka mingi. Siyataji ili tuige Marekani wala Japani. Nayataja kwa sababu kila nikiuliza kwa nini wasimamizi hawafundishwi, naambiwa hakuna fungu. Saa 10, kikundi cha watu kumi, chumba chenye ubao na kipande cha waya: hilo ni fungu gani linalokosekana katika kampuni yenye magari mapya uani?

Nimesema habari za kufundisha. Nije kwenye uangalizi, ambako naona tumepungukiwa zaidi.

Mameneja wengi humwangalia msimamizi kwa njia ya hesabu. Mita ngapi za kitambaa, tani ngapi za sukari, magunia mangapi. Hesabu ni lazima, sibishi. Ila msimamizi anayepimwa kwa hesabu peke yake hujifunza haraka kuitumikia hesabu. Atauacha mtambo bila kuusafisha ili asipoteze saa moja. Ataficha hitilafu mpaka zamu inayofuata ili ihesabiwe kwa mwenzake. Ajali ndogo hataiandika, maana mwezi usio na ajali unamletea sifa. Meneja, huko juu, anafurahia jedwali safi. Nami nimekuwa nikiyanakili majedwali hayo gazetini.

Meneja anayetaka kujua msimamizi wake anaongozaje, aangalie mambo madogo ambayo hayamo katika jedwali la uzalishaji. Nani anapewa saa za ziada, na je, ni majina yale yale kila mwezi? Watu wangapi wa zamu ile wameomba kuhamishwa? Sanduku la huduma ya kwanza linapungua dawa ilhali daftari la ajali ni jeupe? Kibarua anachaguliwaje getini asubuhi? Hili la mwisho ni zito. Mahali ambapo mtu mmoja ana uwezo wa kunyosha kidole na kusema wewe ingia, wewe rudi nyumbani, bila kuulizwa na yeyote, hapo pana soko. Vibarua wameniambia bei. Akina mama wameniambia kwamba bei yao wakati mwingine haikuwa ya fedha. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inaihesabu rushwa ya ngono kuwa ni kosa la jinai. Lakini mama anayetegemea kazi ya kutwa atampelekea nani lalamiko, ikiwa mlango pekee wa malalamiko ni wa huyo huyo msimamizi?

Kwa hiyo pawepo mlango mwingine, na mlango huo ujulikane. Mabaraza ya wafanyakazi bado yapo katika taasisi za umma, ingawa katika baadhi ya mahali yamekuwa vikao vya kupitisha bajeti na kugawana posho. Katika makampuni ya binafsi, ambayo mengi yalizaliwa au kununuliwa baada ya ubinafsishaji wa miaka ya 1990, kuna matawi ya vyama vya wafanyakazi pale yanaporuhusiwa kupumua. Meneja mwenye busara huyatumia masikio hayo.

Lakini sipendi nieleweke vibaya. Uangalizi si upelelezi. Nimeona vilevile meneja aliyejitia mtetezi wa wanyonge, akawa kila lalamiko likimfikia anashuka karakanani na kulitengua agizo la msimamizi mbele ya zamu nzima. Wafanyakazi walishangilia siku hiyo. Baada ya mwezi mmoja hakuna aliyemtii msimamizi yule, na meneja mwenyewe akaanza kulalamika kwamba hana wasaidizi. Msimamizi akikosea aitwe pembeni, aelezwe kosa, na alirekebishe yeye mwenyewe kwa mdomo wake. Akiwa na haki, basi mkubwa wake asimame upande wake hata kama jambo hilo halipendezi. Na mamlaka yake yaandikwe: nini anaweza kuamua peke yake usiku wa manane, nini lazima ampigie mtu simu, na mtu huyo apokee.

Hapa sheria nayo ina neno. Chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, mwajiri anayemwachisha mtu kazi anatakiwa athibitishe kwamba alikuwa na sababu halali na kwamba alifuata utaratibu wa haki. Shauri linapofika mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, anayesimama kujibu ni kampuni, wala si msimamizi aliyesema "kesho usije" kwa hasira ya saa nane usiku. Kampuni inalipa kwa neno la mtu ambaye haikupata kumwambia kwamba hana mamlaka ya kulitamka. Ofisa utumishi mmoja aliniambia kwamba mashauri yake mengi huanzia hapo, naye alisema hivyo kwa kucheka. Mimi sikuona la kuchekesha.

Ndugu waalimu, msidhani nawasema watu wa viwandani peke yao. Nyumbani kwenu mambo yakoje? Mwalimu akifundisha hisabati vizuri kuliko wote, tunamwondoa darasani na kumfanya mkuu wa shule. Darasa limepoteza mwalimu, na shule mara nyingine haijapata mkuu. Katika halmashauri zetu mhasibu hodari anaamka asubuhi akiwa mkuu wa kitengo. Kupandishwa cheo tumekufanya kuwa zawadi ya kazi ya jana, wakati ni kukabidhiwa kazi mpya kabisa. Na tukubali pia kwamba yuko fundi ambaye hapaswi kuwa msimamizi kamwe, tena yeye mwenyewe hataki, ila anakubali kwa kuwa hakuna njia nyingine ya kuongezewa mshahara. Kampuni ikiwa na ngazi ya mafundi waandamizi, yenye malipo sawa na ya msimamizi, itawaokoa watu wa namna hiyo na watu ambao wangewekwa chini yao.

Ninayo mapendekezo mawili, nayo si ya gharama. Kwanza, asikabidhiwe mtu zamu kabla hajapita somo la kufundisha kazi na kabla hajatembea zamu kadhaa akiwa pembeni ya msimamizi mzoefu. Pili, waitwe wasimamizi wastaafu. Katika Tanga, Morogoro, Mwanza na hapa Dar es Salaam wako wazee walioendesha zamu kwa miaka ishirini au thelathini, katika nguo, mkonge, sukari na reli. Wanajua namna ya kumwambia mlevi arudi nyumbani bila kumvunjia heshima. Wanajua namna ya kugawa kazi siku ya msiba, wakati nusu ya zamu inaomba ruhusa. Hakuna kitabu chenye mambo hayo, na wazee hao hawataishi milele.

Kijana aliyekatwa vidole nilikwenda kumtafuta baadaye. Alikuwa amehamia kwa shangazi yake, akiuza vocha za simu kwa mkono wa kushoto. Nilimsomea niliyoyaandika gazetini, akasikiliza, kisha akaniuliza kama gazeti linaweza kuandika tena. Tuliandika tena, kwa herufi ndogo zaidi kuliko zile za mara ya kwanza, kama ilivyo desturi ya magazeti, na desturi hiyo nayo ingefaa iangaliwe.

Ndugu Mwenyekiti, naona umeitazama saa, na nimeona mikono ya wenye maswali. Naomba, kama itakupendeza, tuanze na wale wa kule nyuma.